Axel Heiberg au Alexander: uanze na msitu upi wa kale wa nchani?

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano alinijia na daftari mkononi. "Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba Antaktiki kulikuwa na msitu, halafu nimesoma kwamba na kule kaskazini mwa Kanada kulikuwa na msitu. Sasa niandike kuhusu upi?" Niliitikia marahaba, nikamwomba anipe siku mbili. Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Misitu ile miwili, wa Kisiwa cha Alexander huko Antaktiki na wa Kisiwa cha Axel Heiberg huko Kanada, haifanani, na anayeanza na mmoja hutoka na picha ambayo aliyeanza na mwingine hataitambua.

Haya chini ndiyo niliyomjibu, nimeyarefusha kwa ajili ya wengine waliokwama njia panda hiyohiyo: mwalimu anayetafuta somo la wiki, mwandishi wa makala, au mtu aliyeona picha ya kisiki katikati ya theluji akakosa usingizi. Nitaieleza misitu miwili tu kwa kirefu. Ipo mingine, na nitaigusa baadaye, lakini hii miwili ndiyo inayogombea nafasi ya kwanza.

Kwanza tukubaliane maneno. Koniferi ni miti inayobeba mbegu kwenye koni badala ya kuzificha ndani ya tunda: misonobari, miberoshi, mitarakwa, na pia podo, ambayo koni yake imenona hadi watu huidhani tunda. Visukuku vya koniferi vimejaa duniani. Hata Tendaguru, Lindi, kwenye matabaka yaleyale yaliyotoa dinosaria, masalia yake yamo. Kinachozitenga za nchani, yaani za karibu na ncha za dunia, na nyingine zote ni mahali zilipoota.

Joto walikuwa nalo, mwanga hawakuwa nao

Enzi za misitu hii, wa kaskazini miaka milioni 45 hivi iliyopita na wa kusini milioni 100 hivi, hewa ilikuwa na kabonidioksidi nyingi kuliko leo, na hakukuwa na mabamba ya barafu kama yale tunayoyajua. Kwa hiyo baridi haikuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo kilikuwa giza. Dunia imeinama kwenye mhimili wake, na kuinama huko ndiko kunakoleta usiku wa nchani. Joto, hewa ikibadilika, huongezeka. Jua la Desemba huko kaskazini haliongezwi na kitu.

Kisiwa cha Axel Heiberg kipo karibu digrii 80 kaskazini, na wakati wa msitu wake kilikuwa hukohuko au jirani. Hapo jua huaga mwezi Oktoba likarudi Februari: miezi minne. Kisiwa cha Alexander wakati wa msitu wake kilikuwa mahali fulani kati ya digrii 69 na 75 kusini, ambako giza kamili ni la miezi miwili, mitatu hivi. Shika tofauti hiyo ya mwezi mmoja au miwili. Nitairudia tukifika kwenye majani.

Walivyoonekana

Msitu wa Axel Heiberg uliibuliwa kwa jicho la rubani. Mwaka 1985 Paul Tudge, aliyekuwa akirusha helikopta ya watafiti wa jiolojia, aliona chini visiki vimechomoza kwenye mlima usio na hata kichaka. Taarifa ikawafikia wataalamu, na James Basinger wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan akawa miongoni mwa walioutumikia msitu huo kwa miaka mingi. Jina la kisiwa lenyewe halina uhusiano na miti: Axel Heiberg alikuwa tajiri wa Norwei aliyefadhili safari za wavumbuzi, na safari ya Otto Sverdrup ya 1898 hadi 1902 ndiyo iliyokibandika kisiwa jina lake. Bwana huyo ana bahati ya majina. Barafuto (mto wa barafu) ambalo Roald Amundsen alilipanda mwaka 1911 kwenda Ncha ya Kusini nalo linaitwa Axel Heiberg. Kwa hiyo ukitafuta habari zake kwenye intaneti, hakikisha uko upande sahihi wa dunia. Mwanafunzi wangu alikesha usiku mzima kwenye barafuto.

Kisiwa cha Alexander ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Antaktiki, kimeungana na rasi kwa barafu kiasi kwamba kwa muda mrefu kilidhaniwa ni sehemu ya bara. Waingereza wana kituo kidogo huko tangu 1961, na jina lake, Fossil Bluff, linasema lenyewe: Jabali la Visukuku. Maelezo ya kina ya misitu yake yalitolewa na Timothy Jefferson mwaka 1982. Alichokuta ni mashina yaliyosimama wima, mizizi ikiwa bado imeshika udongo uleule iliouotea, nao umekuwa jiwe.

Kwa utamu wa hadithi, kaskazini inashinda hapa. Rubani, helikopta, visiki. Hata mtoto wa darasa la nne atakaa kimya akusikilize.

Ubao na jiwe

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo wengi hukosea kwa kudhani kisukuku lazima kiwe jiwe.

Visiki vya Axel Heiberg si mawe. Vilizikwa haraka kwenye mchanga na tope la mafuriko, juu ya mboji nzito yenye maji isiyo na hewa, na madini hayakupata nafasi ya kuingia na kukaa mahali pa ubao. Vimekauka kama maiti za Misri. Ukichukua msumeno vinakatika. Ukiviwashia moto vinawaka. Fundi seremala akipewa kipande ataligeuza gogo la miaka milioni 45 mikononi, atalinusa, na hakuna kitakachomshtua mpaka umwambie umri. Na si magogo peke yake: majani yamo, koni zimo, mbegu zimo, hata kaharabu, yaani utomvu ulioganda. Msitu haukuwa mmoja. Mafuriko yalikuja, yakafukia, msitu ukaota tena juu, ukafukiwa tena, tabaka baada ya tabaka. Baadhi ya visiki vina kipenyo kinachozidi mita moja, na wanaokokotoa urefu kutokana na mashina wanafika karibu mita 40. Kwa wingi wa mbao, msitu ule unalinganishwa na misitu mikuu ya mvua ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini.

Uzuri huo ndio udhaifu wake. Kitu ambacho si jiwe huoza, hupasuka, hupeperuka. Gogo lililofukuliwa leo na upepo linaanza kuchanika msimu uleule, na kila nyayo inayopita juu yake inalisaga. Anayelichukulia kipande kama ukumbusho anaondoka na kitu ambacho hakitarudi.

Kisiwa cha Alexander kimekwenda njia nyingine. Madini yaliyoyeyuka majini, mengi yakitokana na majivu ya volkeno za jirani, yaliingia ndani ya seli za mbao na kuganda humo. Jani halinukii, ubao hauwaki, lakini ukikata kipande chembamba kama karatasi na kukiweka chini ya hadubini, kuta za seli zinaonekana. Unaweza kutofautisha jamaa ya podo na jamaa ya Araucaria, koniferi nyingine ya kusini, kwa kutazama vishimo vidogo kwenye kuta hizo. Na kwa kuwa jiwe halikimbii, mashina yamebaki palepale, kila moja mahali lilipoota. Unaweza kupima kutoka shina hadi shina na kuchora ramani ya msitu, huu hapa mkubwa, pale palikuwa wazi, hapa chini kulikuwa na magugu ya feni, yaani mimea ya majani isiyotoa maua.

Nikiulizwa, kwa mtu anayetaka kugusa na kushangaa, Axel Heiberg hana mpinzani. Kwa mtu anayetaka kujua msitu ulipangikaje, Alexander ana faida. Ni kweli hata Axel Heiberg visiki vingi viko mahali pake, na watu wamevipima. Lakini kule udongo unahama kila mwaka na kazi ni ya kukimbizana na upepo.

Miti yenyewe

Mfalme wa Axel Heiberg anaitwa Metasequoia, akifuatwa na Glyptostrobus, binamu yake mpenda maji. Sehemu zilizoinuka kidogo kulikuwa na koniferi za ukoo wa msonobari: Picea, Tsuga, Pinus, Pseudolarix, na aina ya Larix iliyopewa jina Larix altoborealis mwaka 1991, yaani ile ya kaskazini ya mbali.

Hadithi ya Metasequoia naipenda mno, niruhusu niipe aya yake. Mwaka 1941 Shigeru Miki, mtaalamu wa Japani, alikuwa akichambua visukuku ambavyo wengine walikuwa wakiviita Sequoia au Taxodium. Akaona jambo dogo: vijani na magamba ya koni yamepangwa yakitazamana, mawili mawili, wakati kwenye miti ile mingine yanapishana. Akaupa mti huo jina jipya, akiuhesabu kuwa umekufa zamani. Miaka hiyohiyo ya arobaini, vita vikiendelea, kule Modaoxi ndani ya China watu walikuwa wakiishi jirani na mti mkubwa wasioujua wataalamu. Vipande vyake vilipofika mezani kwa wanabotania wa China, ikabainika ni uleule wa Miki, mzima, unapukutisha majani kila mwaka. Mwaka 1948 Hu na Cheng waliuita Metasequoia glyptostroboides, na mwaka huohuo mbegu zilisambazwa kwenye bustani nyingi za dunia kupitia Arnold Arboretum ya Chuo Kikuu cha Harvard. Ralph Chaney wa California akafunga safari kwenda kuuona, kisha akarudi na kupitia upya rundo la visukuku vya Amerika vilivyokuwa vimebandikwa majina yasiyo yake. Mti ulitambuliwa kwanza ukiwa umekufa, halafu ukaonekana hai. Huo ni mpangilio wa kinyume kabisa.

Kusini hakuna Metasequoia. Alexander ilitawaliwa na koo mbili: Podocarpaceae na Araucariaceae. Chini yao palikuwa na feni, ginkgo, ambao ni mti wa kupukutisha majani, na mimea midogo.

Na hapa ndipo kura yangu inapoanza kuegemea. Podocarpaceae ni ukoo wa podo. Mkenya aliyewahi kununua mbao za podo, Mkikuyu anayeuita muthengera, Msambaa aliyekulia chini ya misitu ya Lushoto, wote wanamjua mtu wa ukoo huo bila kujua kwamba wanamjua. Usambara ina podo yake iliyopewa hata jina la milima hiyo, Afrocarpus usambarensis. Zaidi ya hapo kuna Minziro, Kagera, mpakani na Uganda, ambako podo haipandi mlima: inaota kwenye msitu wa tambarare unaofurika maji, jambo ambalo mtu aliyezoea podo za mlimani haliamini mpaka alione. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba yenye meza ya podo, na ubao wake wa manjano hafifu, laini, usio na harufu kali, ndio uliokuwa chini ya daftari langu nilipokuwa nikijifunza kuandika.

Tahadhari moja. Podo zetu si wajukuu wa moja kwa moja wa miti ya Alexander. Ni ukoo mmoja uliotawanyika wakati mabara ya kusini yalikuwa yameshikana, na kila tawi likaenda zake. Ukiandika kwamba podo ilitoka Antaktiki, mtaalamu atakukata alama, na atakuwa na haki. Araucaria nayo haioti yenyewe kwenye misitu yetu, lakini imepandwa kwenye bustani za zamani. Nairobi Arboretum, iliyoanzishwa 1907, ni mahali pa kwenda kuiona ikiwa imesimama na matawi yake yaliyopangika kama vipande vya mwamvuli.

Kwa wanyama, kaskazini inarudi na kushinda. Kisiwa jirani cha Ellesmere kimetoa masalia ya jamaa wa mamba walioishi humo miaka milioni 50 na zaidi iliyopita. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mfupa wa mguu uliookotwa vipande vipande kisiwani humo ni wa ngamia mkubwa wa miaka milioni 3.5 hivi iliyopita, aliyetembea kwenye msitu wa Larix. Ngamia! Nilipomsimulia mfanyabiashara mmoja wa Tanga mwenye jamaa Oman, alinyamaza, kisha akauliza kama nina uhakika na afya yangu.

Kupukutisha au kutopukutisha

Ukitaka mada yenye mjadala, hii ndiyo. Metasequoia hupukutisha majani kila vuli, Glyptostrobus na Larix vilevile. Kwa hiyo kwa miongo mingi ilielezwa hivi: kwenye giza lenye joto, jani halitengenezi chakula lakini linaendelea kupumua na kula akiba ya mti. Bora liangushwe. Maelezo safi, yanaingia akilini mara moja, na yapo kwenye vitabu vingi.

Mwaka 2003 Dana Royer, Colin Osborne na David Beerling waliyapima. Walikuza miche kwenye vyumba vya kioo Sheffield, Uingereza, wakaiga mwanga wa digrii 69 kaskazini pamoja na giza lake, wengine wakipewa hewa yenye kabonidioksidi ya kawaida na wengine maradufu. Miti ya kupukutisha ilikuwemo, Metasequoia na ginkgo, na ya kijani daima pia. Matokeo yalipindua hesabu: kaboni inayopotea kwa kutupa majani yote kila mwaka ilizidi kwa mbali ile inayoliwa na majani yanayopumua gizani. Kupukutisha ni ghali.

Sasa tazama kusini. Uchambuzi wa mbao na majani ya Alexander unaonyesha kwamba miti iliyotawala pale ilikuwa ya kijani mwaka mzima. Ya kupukutisha ilikuwa michache. Ukiwa umesoma Axel Heiberg peke yake ungeapa kwamba msitu wa nchani lazima uwe wa kupukutisha. Ukiwa umesoma Alexander peke yake ungeapa kinyume. Ile tofauti ya mwezi mmoja au miwili ya giza niliyokuomba uishike inaweza kuwa na sehemu yake, lakini kuibebesha mzigo wote ni kuizidishia. Koo zenyewe zilirithi tabia tofauti: podo na Araucaria hazina desturi ya kupukutisha kila mwaka, Metasequoia anayo popote umpandapo. Na hata leo mambo hayajatulia. Kwenye rasi ya Taimyr, Urusi, karibu digrii 72 kaskazini, miti ya mwisho kabisa kabla ya tundra ni Larix, inayopukutisha, wakati kwingineko mpaka wa miti unashikwa na Picea, ambayo haipukutishi.

Kwa hoja hii peke yake, mwenye nafasi ya kuandika kurasa nyingi asichague: achukue yote miwili. Mwenye kurasa tano achukue Alexander, maana wasomaji wake tayari watakuwa wamesikia maelezo ya kaskazini, na kuyatikisa ni raha.

Mwanga wa mshazari na pete

Kuna swali la umbo. Nchani jua la kiangazi halipandi juu ya kichwa. Linazunguka upeoni likimulika kwa mshazari saa ishirini na nne. Msitu uliobanana ungejitia kivuli wenyewe. Miaka ya themanini, wakati wengine walikuwa wakijiuliza kama dunia haikuwa imeinama kidogo zaidi au kidogo pungufu, Geoffrey Creber na William Chaloner walifanya hesabu ya mwanga na kuonyesha kwamba unatosha, ilimradi miti iwe na umbo la pia, nyembamba juu na pana chini, na iachiane nafasi. Hakuna haja ya kuinamua dunia upya. Ramani za mashina ya Alexander zinaingia hapa moja kwa moja, na ndiyo maana nilizisifu.

Pete za ukuaji wa kila mwaka nazo zina lao. Mbao za nchani za misitu yote miwili huwa na pete zilizo wazi: sehemu pana ya seli kubwa za kiangazi, kisha ukanda mwembamba sana wa seli nene, kisha kimya. Mti ulikua kwa kasi mchana usioisha, halafu taa ikazimwa.

Wawili wa pembeni, na mtego mmoja

Anayeweza kusafiri kwenda New Zealand asahau yote mawili aende Curio Bay, kusini kabisa mwa Kisiwa cha Kusini. Huko msitu wa Jurasiki, wa miaka milioni 170 hadi 180, umelala ufukweni umegeuka jiwe. Maji yakijaa hauonekani, yakipwa unatembea juu ya magogo na visiki vya jamaa za Araucaria. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa pembeni mwa bara kuu la kusini, karibu na ncha. Hauhitaji helikopta. Kuchukua hata kijiwe ni kosa kisheria, na jioni pengwini wa macho ya manjano wanapita wakienda viotani, kwa hiyo kaa mbali nao.

Wa pili hauna mti wowote wa kuonyesha. Mwaka 2017 meli ya Kijerumani Polarstern ilitoboa sakafu ya Bahari ya Amundsen, Antaktiki ya Magharibi, ikatoa nguzo nyembamba ya tope yenye mtandao wa mizizi na wingi wa chavua za podo, Araucaria na feni-miti. Kazi ya Johann Klages na wenzake ilitoka 2020: msitu wa mvua wa miaka milioni 90 hivi, mahali palipokuwa digrii 82 kusini, na wastani wa joto la mwaka karibu nyuzi 13. Kwa namba za hali ya hewa ni dhahabu. Kwa mwanafunzi anayetaka picha ya kubandika ukutani, ni tope.

Mtego ni mawe ya Scott. Februari 1912, wakirudi kutoka Ncha ya Kusini wakiwa hoi, kundi la mvumbuzi Mwingereza Robert Falcon Scott lilikusanya kilo 16 za mawe yenye visukuku, na hawakuyatupa mpaka walipokufa. Simulizi hiyo inagusa moyo na watu huichomeka kwenye kila makala ya koniferi za Antaktiki. Lakini majani yale ni ya Glossopteris, ukoo mwingine uliotoweka wa mimea ya mbegu, na ni ya zamani zaidi kuliko msitu wa Alexander. Si koniferi. Yaweke kwenye utangulizi ukipenda, usiyaweke kwenye hoja.

Basi

Fundi, mchongaji, mpiga picha, au mwalimu wa msingi mwenye dakika arobaini na watoto sitini: Axel Heiberg. Hadithi ya rubani, ubao unaowaka, mti uliofufuka China, ngamia kwa kumalizia. Hutapungukiwa.

Mwanafunzi wa sekondari au chuo Afrika Mashariki, mwenye insha ya kuandika na bila nauli ya ndege: Alexander, bila kusita. Kaskazini utaeleza miti ambayo huenda hutaigusa maisha yako yote. Kusini utaeleza ukoo ambao tawi lake lipo nusu siku ya basi kutoka kwako, na pengine lipo kwenye mlango wa nyumba ya bibi yako.

Mwanafunzi wangu alichagua kusini. Wiki iliyofuata alirudi na kipande cha podo alichopewa na fundi wa mtaani, amekipiga msasa hadi kinang'aa, na lenzi aliyoiazima maabara. Nilikuwa nimemwonya kwamba kwetu, ambako hakuna usiku wa miezi wala baridi ya kuusimamisha mti, pete za podo mara nyingi hazieleweki. Akaniwekea picha ya mbao za Alexander kando ya kipande chake. Za jiwe la miaka milioni 100 zilihesabika bila shida. Za kipande cha fundi alihesabu akapata saba. Akarudia, akapata kumi na moja.